Usiniulize chuma kinayeyuka kwa joto gani

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, na wengine wenu mmeshaniuliza sehemu ya pili imepotelea wapi. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niseme juu ya chuma. Naam, chuma. Mimi ni mtu wa kompyuta, sikusomea uhandisi wa metali. Lakini nina kosa la kukiri, na kosa lenyewe lilipitia kwenye programu niliyoiandika kwa mikono yangu.

Kisa ni hiki. Shangazi yangu huoka mikate na skonzi hapa Bondeni, Nakuru. Huwasha tanuri saa kumi alfajiri, na ikifika saa kumi na mbili mikate imeshaingia vioskini. Alasiri huwasha tena kwa ajili ya skonzi za jioni. Tanuri ni la kuni: chini pana chumba cha moto, juu pana chumba cha kuokea. Lile la zamani, lililotengenezwa kwa pipa, lilikuwa limechoka, kwa hiyo akakopa kwenye chama cha akina mama ili atengenezewe jingine.

Karakana aliyoiendea (sitaitaja) ikampa chaguo mbili. Chumba cha moto cha bati nene jeusi, yaani chuma cha kawaida, au cha stenlesi nyembamba inayong'aa, kwa bei iliyokaribia mara mbili. Shangazi akanipigia simu. "Wewe si ndiye uliyesoma? Niambie nichukue kipi."

Basi, mtu aliyesoma akaketi mbele ya kompyuta. Jioni moja tu nikawa nimeandika programu ndogo: jedwali la metali, kiwango cha kuyeyuka, kama inashika kutu au haishiki, bei, kisha alama kwa kila moja. Nikasoma mtandaoni kwamba stenlesi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 1,400 na zaidi za Selsiasi. Nikasema, moto wa kuni utafika wapi? Haufiki huko. Programu ikatoa jibu kwa rangi ya kijani: STENLESI. Nikampigia Shangazi nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ya maana.

Baada ya miezi saba, kuta za chumba cha moto zilikuwa zimevimba kama tumbo. Pembe moja ilikuwa imepasuka pale ilipochomelewa. Wavu wa kuwekea kuni ulikuwa umebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Moshi ukawa unapita kwenye ufa hadi chumba cha kuokea, na mkate ukaanza kunuka moshi. Wenye vioski hawakugombana naye, walianza tu kuchukua mikate kwingine. Na mkopo wa chama ulikuwa haujafika hata nusu.

Fundi mzee wa jua kali tuliyemwita akauchungulia ule mdomo wa tanuri kwa muda, akaniangalia, akasema: "Kijana, chuma hakingoji kuyeyuka ndipo kife."

Tangu siku hiyo nimesoma mengi, na maoni yangu ya leo ni haya: swali la "chuma hiki kinayeyuka kwa joto gani" ni swali la kipuuzi kwa kitu chochote kitakachokaa motoni miaka. Hata jedwali langu lenyewe lilikuwa linanicheka, kwa sababu chuma cha kawaida huyeyuka kwa joto kubwa kidogo kuliko stenlesi. Lau kuyeyuka ndiko kungekuwa kipimo, lile bati jeusi lingeshinda.

Chuma hufa vipi basi, kabla ya kuyeyuka? Kwa njia tatu hasa.

Ya kwanza ni kuliwa na hewa. Chuma cha moto huungana na oksijeni na kufanya gamba. Kwa chuma cha kawaida, chini ya nyuzi kama 570 gamba hilo hukua taratibu. Juu ya hapo huzuka aina nyingine ya oksidi, yenye mianya mingi, na chuma huanza kuliwa haraka. Umeona majiko ya zamani yanavyobanduka maganda meusi? Hayo maganda yalikuwa jiko. Stenlesi hujikinga kwa sababu ina kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, inayofanya ngozi nyembamba na ngumu juu yake. Ngozi ikidumu, chuma kinadumu.

Ya pili ni kutambaa. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Siku ya kwanza imekaza vizuri, lakini baada ya mwaka nguo zinagusa majani, ingawa hakuna aliyeongeza uzito. Chuma baridi hakifanyi hivyo. Chuma cha moto hufanya. Ukikipa mzigo mdogo tu, ambao kingeubeba milele kikiwa baridi, kitanyooka unywele leo na unywele kesho, mpaka kibonyee au kikatike. Kwa chuma cha kawaida jambo hili huanza kuwa la kufikiriwa karibu na nyuzi 400, yaani zaidi ya nyuzi 1,000 chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. Wavu wa Shangazi haukuyeyuka. Ulitambaa.

Ya tatu, nayo ndiyo iliyopasua ile pembe, ni kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa. Chuma kikipata moto hutanuka. Ukuta wa stenlesi ya aina ya 304 wenye upana wa sentimita 60, ukipanda nyuzi 700, hutaka kurefuka karibu milimita 8. Sasa ukuta huo ulikuwa umechomelewa pande zote nne kwenye fremu nene iliyo nje, isiyopata moto kiasi hicho. Zile milimita 8 ziende wapi? Zinatoka kama tumbo. Jioni ukipoa unajivuta kurudi, na kesho alfajiri unaanza tena. Zaidi ya hayo, ile ngozi ya kromiamu haitanuki sawa na chuma kilicho chini yake, kwa hiyo kila ukipoa inabanduka kidogo, na hewa inapata mlango.

Hapa ndipo nilipoona upumbavu wa programu yangu. Haikuwa na safu ya muda hata moja! Nilikuwa nimeandika programu ya kuchagua kitu cha kukaa miaka, bila kuuliza miaka mingapi.

Tufanye hesabu pamoja. Shangazi huwasha moto kama saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni karibu saa 2,500 kwa mwaka. Huwasha mara mbili kwa siku, yaani zaidi ya mara 600 kwa mwaka chuma kinapanda na kushuka. Linganisha na mabomba ya mvuke ya mtambo mkubwa wa umeme: wahandisi kwa desturi huyapigia hesabu ya saa 100,000, zaidi ya miaka 11 mfululizo, lakini mtambo hauzimwi kila jioni. Kwa hiyo chuma kinachofaa kule si lazima kifae Bondeni. Kule adui mkubwa ni kutambaa. Hapa adui mkubwa ni kiberiti.

Kuna kanuni moja niliyoipenda kwa sababu inaingia kwenye programu kwa mstari mmoja. Waliitoa Larson na Miller mwaka 1952. Chukua joto kwa Kelvini, lizidishe kwa jumla ya 20 na logi ya saa. Kwa chuma kilekile na mzigo uleule, jibu hubaki lilelile chuma kinapofika mwisho wake. Ile 20 ni makadirio, hubadilika kidogo kwa kila aina ya chuma, lakini inatosha kukutia adabu. Mfano: kipande kinachoweza kudumu saa 100,000 kwenye nyuzi 550, ukikiweka kwenye nyuzi 570 kitadumu saa kama 25,500. Nyuzi 20 tu, na miaka 11 imekuwa chini ya miaka 3! Nani kati yetu anajua joto la jiko lake kwa kukosea nyuzi 20? Mimi sikujua hata kwa kukosea nyuzi 200.

Sasa tuje kwenye neno "stenlesi" lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa bila hata mtu kusema uongo. Stenlesi si chuma kimoja, ni ukoo. Ile ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8. Ile ya 310 ina kromiamu 25 na nikeli 20, na hii ndiyo iliyozaliwa kwa ajili ya moto. Ile ya 430 ina kromiamu 16 hadi 18 na karibu haina nikeli kabisa, kwa hiyo ni rahisi. Halafu iko 201, ambayo sehemu ya nikeli imeondolewa na kuwekwa manganizi ili bei ishuke. Zote zinang'aa dukani. Zote zinaitwa stenlesi.

Watu husema, "Weka sumaku, ikinata ni bandia." Si kweli. Ile 430 hunata, nayo ni stenlesi halali. Zile 304 na 201 kwa kawaida hazinati, kwa hiyo sumaku haikutenganishii ghali na rahisi. Sumaku inakuambia ukoo mdogo, haikuambii tabia.

Tena tazama jambo hili, mimi lilinishangaza. Majedwali ya kawaida huipa 304 kikomo cha nyuzi kama 925 hewani ikiwa joto halikatiki, lakini moto wa kuwasha na kuzima huiteremsha hadi 870. Ile 430 huanza na 815 kwa joto lisilokatika, na kwa kuwasha na kuzima hupewa 870. Yaani kwa mwokaji wa Bondeni, ile ya bei nafuu inamfikia ndugu yake wa bei kubwa! Sababu ni kwamba 430 hutanuka kidogo zaidi ya nusu ya 304, kwa hiyo ngozi yake haibanduki upesi. Lakini usikimbilie kununua: 430 ikiwa ya moto ni dhaifu katika kubeba mzigo. Ngozi nzuri, mifupa laini. Ndiyo maana nasema hakuna chuma bora. Kuna chuma bora kwa saa hizi, joto hili, mzigo huu.

Na tafadhali, jambo moja ambalo si la maoni: usiweke mabati yaliyopakwa zinki ndani ya chumba cha moto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na ikichomwa au kuchomelewa hutoa moshi mweupe unaompa mtu homa na kutetemeka. Pamoja na chakula? Hapana.

Najua mtaniuliza: si angenunua tu 310, mambo yaishe? Nami nauliza: kwa pesa za nani? Na mkiipata hiyo karatasi hapa mjini, kisha mkaichomelea pande nne kwenye fremu baridi, itavimba vilevile, kwa sababu nayo hutanuka sana. Aloi ghali haifuti usanifu mbaya. Sisi waandishi wa programu tunajua hili: ukinunua seva kubwa ili ibebe msimbo mbovu, umenunua miezi michache tu.

Ziko mahali ambapo aloi ghali ndiyo jibu. Koili ya hita ya umeme lazima iwe metali na lazima iwe nyekundu, hakuna njia nyingine. Ndiyo maana mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Albert Marsh aliupatia hataza Marekani mwaka 1906, ulibadilisha jikoni za dunia. Na hapo juu yetu, kwenye kreta ya Menengai, ambako kampuni ya GDC ilianza kuchimba visima vya mvuke mwaka 2011, mabomba yanakutana na joto kali pamoja na gesi ya salfa inayotafuna chuma. Kule huwezi kumwambia mtu aweke udongo. Lakini tanuri la mkate?

Tanuri la mkate linaruhusu jibu ambalo programu yangu haikuwa nalo kwenye orodha, kwa sababu orodha ilikuwa ya metali tu. Jibu ni kuondoa chuma motoni.

Na wala si jambo geni. Wengi wenu mmelelewa na jibu hilo bila kulijua. Lile jiko la makaa lenye kiuno, lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, wabunifu wake, akina Maxwell Kinyanjui, walichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Jiko la zamani lilikuwa chuma kitupu, makaa yanagusana na bati, na bati linaliwa. Jiko jipya likavaa udongo wa kuchomwa ndani, bati likabaki nje kama koti. Makaa hayagusi chuma. Matokeo yake bati la kawaida, hata la mapipa ya zamani, linatosha, na mafundi wa jua kali wakaweza kulitengeneza bila kuagiza chochote cha ajabu. Huo ndio uchaguzi wa aloi wa busara kuliko wote ninaoujua katika nchi hii, na aloi yenyewe ni ya chini kabisa!

Nasi watu wa Nakuru tuna bahati zaidi. Ukienda Nairobi, karibu na Gilgil, pale Kariandusi, kuna mlima mweupe unaochimbwa. Ule unga mweupe ni mabaki ya mimea midogo sana ya ziwa la kale, umejaa vishimo vya hewa, nao huzuia joto vizuri. Tunapita hapo kwa matatu tukidhani ni chokaa.

Fundi mzee alifanya hivi. Aliutoa ule ukuta wa stenlesi wote. Akajenga chumba cha moto kwa matofali ya udongo wa kuhimili moto, nyuma yake akajaza kinga ya joto, na bati jeusi la kawaida likakaa nje, mahali ambapo halipati joto la kuumiza. Wavu akautengeneza kwa fito nene za chuma, lakini hakuzichomelea. Alizilaza tu kwenye mifereji, kila ufito na nafasi yake ya kurefuka. "Huu utakufa," akasema. "Kila kilicho chini ya kuni kitakufa. Ila ukifa, unavuta ufito mmoja, unaweka mwingine, mkate unaendelea." Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 ililetwa na injini za mvuke, na wenye injini za kuchoma kuni na makaa ya mawe waliijua hekima hiyo: fito za wavu hulazwa, hazifungwi.

Kwa hiyo nimeiandika upya programu. Haina tena safu ya kuyeyuka. Inauliza maswali manne tu, nawe unaweza kuyauliza bila kompyuta.

1. Chuma chenyewe, si moto, kitafika joto gani?
2. Kitakaa hapo saa ngapi kwa jumla, mpaka siku utakayokubali kukibadilisha?
3. Kitawashwa na kupoa mara ngapi, na kina nafasi ya kutanuka?
4. Kikifa, kitatolewa kwa mkono au kwa kubomoa?

Jibu la swali la nne likiwa "kwa kubomoa", programu inakataa kuendelea. Nimeiwekea ukali makusudi.

Nimalizie na lile linaloniuma. Nilipokuwa namweleza Shangazi swali la kwanza, nikamwambia kwamba chuma huanza kuonekana kikiwaka gizani kwenye nyuzi kama 525, kwa hiyo mtu anaweza kupima bila kifaa: zima taa, tazama. Chuma kikiwa chekundu hafifu, umepita hapo. Kikiwa chekundu cha kung'aa, uko 700 na kitu. Kikikaribia rangi ya chungwa, omba Mungu.

Akanitazama. "Mbona ule ukuta ulikuwa mwekundu tangu asubuhi ya kwanza? Mimi huwasha kukiwa giza. Nilikuwa nauona kila siku. Nilidhani ndivyo stenlesi inavyotakiwa kuwa."

Kipimo cha joto kilikuwapo, kila siku saa kumi alfajiri, miezi saba. Mimi niliyesoma sikumuuliza. Niliuliza intaneti.

Deni la chama bado linalipwa, na sehemu yake naitoa mimi, ni haki. Mikate imerudi kwenye vioski vingi, si vyote. Fito mbili za wavu zimeshapinda. Zitabadilishwa Jumapili, tanuri likiwa limepoa.

Haya, wiki ijayo hifadhidata. Safari hii kweli.